Presha na moyo mzito: namna ya kumwangalia mzee nyumbani kwa daftari moja

Kofia ilikuwa kidakani, imeshonwa nusu, na sindano imo mlemle mama alipoiachia. Nilijaribu kuichomoa, haikutoka. Hewa ya chumvi ya hapa Lamu ilikuwa imeila kutu mpaka ikagandana na kitambaa. Mama ameshona kofia tangu usichana wake, na sikuwahi kumwona akilala na sindano imechomwa kazini hata usiku mmoja. Siku ile ningetambua. Badala yake nilimpima presha, mashine ikasoma 176/94, nikasema presha imepanda, nikampeleka akaongezewe dawa.

Mwongozo huu umetokana na kofia ile na miezi iliyofuata. Namwandikia mtoto, mjukuu, mke au jirani anayekaa na mzee mwenye presha, akamwona amezima, asijue kama ni uzee, ni maradhi, ni dawa au ni moyo. Neno langu kubwa ni moja: namba ya presha na hali ya moyo viandikwe ukurasa mmoja, siku ile ile. Ukivitenga, kimoja kitakuficha kingine, kama kilivyonificha mimi.

Kabla ya hatua zenyewe: mambo haya yanashikana wapi

Madaktari huiita sonona. Wengine husema unyogovu. Mitaani kwetu utasikia "ana mawazo", "hana raha", "moyo wake mzito". Si huzuni ya siku mbili. Ni hali inayokaa majuma mawili au zaidi, karibu kila siku, ikamwondolea mtu hamu, usingizi, chakula, nguvu na tumaini.

Presha ikikaa juu miaka mingi, kuta za mishipa ya damu hukakamaa na kunenepa. Ile midogo kabisa iliyo ndani ya ubongo huumia kimyakimya. Njia zinazoiunganisha sehemu ya mbele ya ubongo na sehemu zake za ndani, ambazo ndizo zinazoendesha hamu, mipango na wepesi wa fikra, hupungukiwa damu kidogo kidogo. Mzee wa namna hii huenda asilie hata mara moja. Atakuwa mzito, kuanza jambo kutamshinda, jibu litachelewa kumtoka, na ukimuuliza atakwambia hana neno. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Marekani, George Alexopoulos na Ranga Krishnan, kila mmoja na wenzake, walieleza kwamba baadhi ya sonona inayoanza uzeeni hutokana na mishipa hii iliyoharibika. Si yote, na si kila mwenye presha huipata. Lakini mzee aliyepigwa na kiharusi, ambacho presha ndiyo mzizi wake mkubwa, yuko karibu nayo zaidi: kama mtu mmoja katika kila watatu hupata sonona baada ya kiharusi.

Njia ya kurudi nayo ipo. Mwenye sonona halali vizuri, hatembei, hula kilicho karibu au asile kabisa, akiwa mvutaji sigara huvuta zaidi, na mwili wake hukaa kama wa mtu aliyeshtuliwa, moyo ukienda mbio bila sababu. Kubwa kuliko yote, huacha dawa. Si ukaidi. Kidonge cha presha hakimwondolei maumivu yoyote leo. Humezwa kwa ajili ya miaka ijayo, na miaka ijayo ndiyo asiyoiona.

Kisha kuna presha ya kushuka, ambayo watu wengi hawaifikirii. Dawa zikizidi mzee huchoka, huona kizunguzungu, husinzia mchana, huogopa kutoka. Ukimtazama kwa nje huwezi kuitenga na sonona. Na hofu ya kuanguka humfungia ndani, akakosa watu, na huo upweke ukamletea sonona yenyewe.

Kuhusu dawa za presha kuleta sonona, neno hili lina historia. Miaka ya 1950 dawa iitwayo reserpini, itokanayo na mmea wa India, ilishukiwa kuwatia wagonjwa wengine huzuni kubwa, na tangu hapo dawa za presha zikabeba jina baya. Mwaka 2020 watafiti wa Denmark walichunguza rekodi za nchi yao kwa dawa 41 za presha, hawakuona hata moja iliyoongeza hatari ya sonona. Tisa, zikiwemo amlodipini, enalaprili na atenololi, ziliendana na hatari iliyo ndogo zaidi. Kwa hivyo jirani akikwambia "hizo dawa ndizo zinazomtia mawazo", usimwachishe mzee dawa kwa neno hilo. Kama amechoka sana au anaota ndoto kali tangu alipoanza atenololi au propranololi, mwambie daktari, kwani hilo huwapata wengine na dawa mbadala zipo.

Hatua ya 1: Daftari, kwa ruhusa yake

Daftari la shule latosha. Piga mistari upate safu tano: tarehe, presha ya asubuhi, presha ya jioni, dawa, na ya mwisho iwe pana, uiite "leo amefanya nini". Katika safu hiyo usiandike "sawa" wala "huzuni". Andika alichokifanya: amekula nusu ya mkate wa mofa, hakutoka chumbani, ameuliza habari za mjukuu, ameamka saa tisa za usiku na hakulala tena. Baada ya wiki mbili utayaona mambo ambayo macho ya kila siku hayayaoni.

Usiandike kwa siri. Nilimwambia mama, "Daktari ataka kujua siku zako zaendaje, nikuandikie?" Alikubali nilipomwambia yeye ndiye atakayenieleza cha kuandika.

Hatua ya 2: Pima presha kama inavyotakiwa

Namba mbaya ni mbaya kuliko kutopima, maana itakupeleka kwenye dawa isiyostahili. Ukinunua mashine, chagua inayofungwa juu ya kiwiko, si ya kifundo cha mkono. Usiponunua, muulize mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu. Tangu Septemba 2023 serikali ya Kenya ilipowagawia wahudumu 100,000 nchi nzima mikoba ya kazi, mashine ya presha ni mojawapo ya vilivyomo.

Mzee aende haja ndogo kwanza. Asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara nusu saa iliyopita, na hilo kwetu lahitaji kusimamiwa, maana kahawa tungu hupita barazani kabla ya jua kutoka. Akae dakika tano kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zote mbili chini, miguu asipishanishe. Mkono uwe wazi, si juu ya mkono wa buibui au kanzu, uegemee meza ili ufike usawa wa moyo. Hapo nyamazeni wote wawili. Mimi nilikuwa nampima mama huku namhadithia habari za mtaani, na mazungumzo peke yake hupandisha namba.

Siku ya kwanza pima mikono yote miwili, kisha endelea na ule uliosoma juu zaidi. Pima mara mbili asubuhi, kabla ya dawa na chai, na mara mbili jioni, ukiacha dakika moja kati ya vipimo. Fanya hivyo siku saba, achana na namba za siku ya kwanza, zilizobaki tafuta wastani. Nyumbani, wastani wa 135/85 au zaidi huhesabiwa presha ya kupanda. Kliniki mpaka wake ni 140/90, kwa sababu watu hushtuka wakiona koti jeupe. Kwa mzee dhaifu sana daktari anaweza kuweka lengo jingine, muulize.

Sasa kipimo ambacho watu hukiruka. Mara moja kwa wiki, baada ya kumpima amekaa, mwambie asimame, umshike, umpime baada ya dakika moja na tena baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikianguka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, hiyo ni presha ya kushuka akisimama. Iandike kwa wino mwekundu. Ndiyo inayowaangusha wazee chooni usiku, na ndiyo inayowayumbisha wanapoinuka kutoka sijida. Nimemwona mzee wa mtaa wetu akishika ukuta wa msikiti kila rakaa, watu wakidhani ni magoti.

Hatua ya 3: Sikiliza moyo, usiridhike na alhamdulillahi

Ukimuuliza mzee wetu hali yake atakwambia "alhamdulillahi". Jibu hilo ni shukrani kwa Mola, halikukusudiwa kuwa taarifa ya mwili. Mimi nililichukua kama taarifa kwa miezi minne.

Kaa naye mkiwa na kazi mikononi, si uso kwa uso kama mahakamani. Sisi tulikuwa tunachambua mchele. Nikamuuliza, "Mama, moyo wako wasemaje siku hizi?" Akanyamaza mpaka nikadhani hakusikia, kisha akasema, "Hausemi kitu, mwanangu. Umenyamaza." Hakulia. Aliendelea kuokota vijiwe.

Baada ya mlango kufunguka namna hiyo, yapo maswali mawili yanayotumiwa na madaktari duniani kote, nawe unaweza kuyauliza kwa maneno ya nyumbani. Katika majuma mawili yaliyopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Na ni mara ngapi umejisikia huzuni, moyo mzito au kukata tamaa? Kila swali lina alama: hakuna kabisa ni 0, siku kadhaa ni 1, zaidi ya nusu ya siku ni 2, karibu kila siku ni 3. Jumla ikifika 3, mpeleke akaangaliwe kwa kina. Alama hizi hazimtii mtu ugonjwa, zinakuonyesha tu kwamba yafaa kuuliza zaidi.

Wazee wengi hawatasema huzuni. Watasema kichwa, mgongo, tumbo limejaa, mwili umelegea, nasahau. Wanaume huwa wakali, wakagombana na kila mtu kisha wakajifungia. Tazama kilichoachwa: bao, sala ya jamaa, kofia, redio ya saa mbili, kumpigia simu dada yake aliyeko Malindi. Mtu aliyechoka huacha kazi. Aliyezama huacha hata anachokipenda.

Msiba una hukumu yake. Baba alipofariki, mama alikaa eda miezi minne na siku kumi, na ndani ya eda hakuna aliyeshangaa kwamba hatoki wala hacheki. Majonzi huja kama mawimbi, yakaondoka, mtu akamkumbuka marehemu na kutabasamu, kisha akalia tena. Sonona haina kupwa wala kujaa, na mara nyingi humfanya mtu ajione hana thamani, ni mzigo kwa watoto. Ukiyasikia maneno hayo, usingoje eda iishe. Eda haimzuii mgonjwa kutibiwa.

Wapo pia watakaosema amepitiwa na kitu, au ni jicho. Kisomo hakigombani na kidonge. Mwiteni mwalimu amsomee ikiwa moyo wake wataka, na kliniki aende vilevile.

Hatua ya 4: Hesabu vidonge kabla ya kuomba dawa zaidi

Hapa ndipo nilipokosea, na nakuomba usome polepole.

Presha ya mama ilikuwa juu miezi miwili mfululizo. Zahanati tuliyokwenda iliongeza dozi, tukarudi, ikaongeza tena. Hakuna aliyeuliza kama anameza, wala mimi sikuuliza. Siku moja nafua leso zake nikahisi fundo kwenye pindo, pale wanawake wetu wanapofunga pesa. Nikalifungua. Vilikuwa vidonge, vyeupe vimegeuka rangi ya manjano kwa jasho, kumi na saba. Alikuwa akipokea mkononi mwangu, akinywa maji, akisema ahsante.

Nikakasirika, kisha nikaanza kumsimamia. Kila asubuhi nasimama mbele yake mpaka ameze vyote, dozi ile iliyoongezwa mara mbili. Siku ya nne usiku akaanguka akienda chooni. Tulipompima ilikuwa 98/58. Dozi ile ilikuwa imepangwa kwa mtu anayedhaniwa anameza, kumbe mwili wake ulikuwa haujaipata kabisa. Nyonga ilisalimika, kwa rehema za Mungu. Mkono haukusalimika.

Kwa hivyo: ukigundua mzee alikuwa hamezi, usimrudishie dozi nzima kwa mpigo. Piga simu au nenda kliniki siku hiyo hiyo, useme wazi, "Alikuwa hamezi, hii dozi iliongezwa bila ya kujua, tuanzie wapi?" Wala usimgombeze. Muulize alichokichukia: kizunguzungu, kukojoa usiku kucha, kuvimba miguu, kikohozi kikavu kisichokwisha. Amlodipini huvimbisha miguu, enalaprili huleta kikohozi, na vyote viwili vina mbadala. Mama alisema, "Navimeza ili iweje?" Hilo halikuwa swali la presha.

Hatua ya 5: Kliniki, na cha kusema ndani

Muda wa daktari ni mfupi na foleni ni ndefu. Beba daftari, beba vidonge vyote vya nyumbani kwenye mfuko mmoja, pamoja na vya dukani na vya mitishamba, na hakikisha mzee amesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali iliyoshika nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Mjini Lamu kuna hospitali ya King Fahd. Anayetoka Faza, Kizingitini au Siyu apange safari kwa maji, maana mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki maji yakipwa, na mzee aliyekaa botini juani kwa muda wa saa tatu atapimwa presha ya safari, si yake.

Sentensi ya kwanza iwe hii: "Presha yake ni hivi, na majuma haya amepoteza hamu ya mambo yake." Sema yote mawili kwa pumzi moja. Ukitaja presha peke yake utapewa dawa ya presha.

Kisha omba waangalie vinavyojifanya sonona: upungufu wa damu, tezi ya shingo, sukari, figo, chumvi za damu. Mwenye sukari aliyemeza metiformini miaka mingi aweza kupungukiwa vitamini B12, na hilo huleta uchovu, usahaulifu na huzuni. Ulizia pia macho na masikio. Mzee asiyesikia vizuri hujitoa barazani taratibu ili asione haya ya kuuliza "nini?" kila mara.

Akiandikiwa dawa ya sonona, uliza inaelewana vipi na za presha. Amitriptilini ni ya bei nafuu na hutolewa sana, lakini kwa mzee huweza kuishusha presha akisimama, ikakausha mdomo, ikafunga choo na mkojo. Fluoksetini na sertralini kwa kawaida huchukuliana vizuri zaidi na moyo. Ila zikikutana na dawa ya kukojoza kama haidroklorothiazidi, chumvi ya damu yaweza kushuka, hasa majuma ya mwanzo. Mzee akichanganyikiwa ghafla, akatapika au akaanguka baada ya kuanza, mrudishe apimwe damu. Venlafaksini huweza kupandisha presha. Na zile diklofenaki na ibuprofeni za magoti, zinazonunuliwa dukani kama peremende, hupandisha presha, huumiza figo, na zikiungana na fluoksetini huongeza hatari ya kutoka damu tumboni. Nyumbani kwetu haziingii tena.

Dawa si njia pekee. Uliza kama kuna mshauri wa kuzungumza naye, kwa sonona nyepesi hilo laweza kutosha.

Hatua ya 6: Mambo ya nyumbani yanayosaidia yote mawili

Kutembea hushusha presha na huinua moyo, na sijui kitu kingine cha bure kinachofanya hivyo. Baada ya alfajiri, kabla ya punda na mikokoteni kujaa, ufukwe wa mbele ya mji una upepo na hauna jua. Usianze na safari ya Shela. Anza na mlango wa jirani, kesho milango miwili. Usingoje apate hamu ndipo atoke; hamu ya mwenye sonona hufuata kitendo, haikitangulii. Mshike mkono, mwambie "twende tukarudi".

Chumvi: Shirika la Afya Duniani lasema isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na iliyojificha kwenye ng'onda, papa mkavu, achari na viungo vya pakiti. Ng'onda hutaweza kumnyima mzee wa Lamu. Loweka usiku kucha, mwaga maji, loweka tena, na mchuzi wake usitie chumvi. Ukwaju, ndimu na tangawizi hufanya kazi nzuri. Ila mzee asiyekula kabisa usimnyime ladha; kwanza ale.

Kuinuka: kitandani akae ukingoni dakika moja kabla ya kusimama. Kwenye sala, akiona kizunguzungu, asali akiwa amekaa kitini, ruhusa ipo na asione haya. Nyumba zetu za mawe zina ngazi za wima na giza. Kama chumba chake ni ghorofani, tieni taa na kamba ya kushikia, au mshusheni alale chini. Ramadhani ikikaribia, zungumzeni na daktari mapema, Shaabani haijaisha, juu ya kuhamisha dawa kwenye futari na daku, hasa anayemeza za kukojoza wakati wa joto la kaskazi.

Na watu. Huko Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kusikiliza wenye maradhi ambayo Kishona huyaita *kufungisisa*, yaani kufikiri kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba waliozungumza na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi hawatoi mahubiri. Huuliza, husikiliza, kisha humsaidia mtu kuchagua tatizo moja na jambo moja dogo la kufanya. Sisi tuna mabaraza na madaka mji mzima, na tuna bibi. Nilimwomba somo yake mama, yaani rafiki yake wa karibu, aje kila Jumatatu na Alhamisi, na nikamsihi asiseme "jikaze" wala "mshukuru Mungu", maana mama alikwisha kushukuru na bado moyo ulikuwa mzito. Aliombwa aje na uzi tu.

Hatua ya 7: Siku ya hatari

Presha ikisoma 180/120 au zaidi, mkalishe, pima tena baada ya dakika tano. Ikiwa bado ipo huko pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, uso kupinda, mkono au mguu kulegea, maneno kuchanganyika au macho kufifia ghafla, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Usimwongezee vidonge nyumbani ili ishuke haraka. Aliye kisiwani awe na namba za nahodha wawili wa boti ndani ya jalada la daftari.

Hatari ya pili huja kwa sauti ndogo. Mzee husema, "Namwomba Mungu anichukue." Wengi husema hivyo kwa uchovu wa umri tu, lakini usipite. Muulize wazi, kwa upole: "Mama, wafikiria kujidhuru?" Swali hilo halimtii mtu wazo; humpa nafasi ya kulitua. Akikubali, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo. Vidonge vyenyewe ni hatari hapa, za presha na amitriptilini zikimezwa nyingi huua. Weka za wiki moja tu karibu, nyingine zifungiwe. Simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199, wana washauri. Na asizuiwe na hofu ya polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba.

Hatua ya 8: Subira ya majuma sita, na baadaye

Dawa ya sonona huchukua majuma manne hadi sita, kwa wazee hata zaidi, kabla ya matunda kuonekana, wakati kichefuchefu chake huonekana siku ya pili. Waambie watu wa nyumbani jambo hilo mapema, la sivyo mtu atasema "haifanyi kazi" na kuitupa. Akipata nafuu isikatwe. Kwa kawaida huendelea miezi sita hadi mwaka, na huachwa taratibu kwa mpango wa daktari. Presha nayo ipimwe mara nyingi zaidi kipindi hicho. Akianza kula, kulala na kumeza dawa zake sawasawa, dozi ya zamani yaweza kuwa kubwa mno kwake, na ya mama ilipunguzwa mara mbili.

Katika daftari letu, wiki ya tisa, nimeandika hivi kwa mkono wangu, yeye akinisomea kutoka kitandani: "Alhamisi. Asubuhi 138/76, kusimama 131/74. Dawa zote. Somo amekuja na uzi. Sindano ya zamani imekatwa kwa koleo, imetiwa mpya. Nimeshona mpaka adhana ya alasiri."